Karibu ya Mwanza

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mama alinituma Mwanza kumwona dada yangu. Alikuwa ameolewa huko miaka mitano bila kukanyaga tena kwetu Migori, na mama aliogopa kwamba ng'ambo ya mpaka imemmeza. Agizo lilikuwa moja. "Kula kwake," alisema. "Akikulisha, nitajua bado ni wangu."

Nilifika giza limeshaingia. Migori tulikuwa na barabara moja ya lami, kwa hiyo nilijiona bingwa wa miji. Mwanza haikushtuka. Taa zilikuwa zimepanda juu ya mawe hata sikujua nyumba inaishia wapi na mlima unaanzia wapi, redio zilipiga dansi kila dirisha, na watu walitembea polepole kana kwamba usiku ni mali yao. Kwetu saa mbili usiku ni ya mbwa na polisi. Muuza karanga aliponiomba radhi ili apite, nilishika mfuko wangu.

Halafu ukarimu ukaanza. Nilimuuliza njia mzee mmoja aliyekuwa akila mlangoni na mkewe. "Karibu chakula," akasema. Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumwambia ametia sumu. Nikanawa, nikaketi. Wakatazamana. Nilimmaliza sangara wao hadi mkia, nikidhani ukimya ule ni adabu ya Kitanzania. Nyumba ya pili nayo ilinikaribisha, na mimi si mtu wa kuvunja watu moyo.

Nilipofika kwa dada na kumsimulia, alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndugu yangu, hiyo ni heshima tu! Unasema asante, unapita."

Nilitamani ardhi ipasuke. Basi alipoweka mbele yangu ugali wa mtama na omena, dagaa wa kwetu, akasema, "Karibu chakula," mimi msomi wa dakika tano nikajibu, "Asante, nimeshiba."

Kicheko kikakatika. Macho yakamjaa maji. "Miaka mitano hakuna mtu wa kwetu amekula kwangu. Wewe umekula kwa wenyewe huko nje, halafu kwangu ndio unasema asante?"

Niliona aibu kubwa kuliko ile ya sangara. Nikanawa mara ya tatu usiku ule, nikala huku tumbo likinilaani, naye akiniongezea bila kuuliza, vilevile afanyavyo mama.

Niliporudi, mama hakuuliza habari za mji. Aliuliza kama nilikula.

"Nilikula mpaka nikalala palepale sakafuni."

Akafumba macho. "Basi bado ni wangu," akasema, akaenda kuwasha moto.