Ujumbe wa Kuomba Radhi

Siku moja kabla ya kuanza mfungo wa Ramadhani, nikiwa kwenye meza yangu ya vitenge pale Tunduma, simu yangu ililia. Ujumbe ulisema, "Kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe kwa ajili ya Allah."

Ulitoka kwa rafiki yangu, niliyekuwa nikiswali naye bega kwa bega. Mwaka uliotangulia alimwambia mume wangu kwamba natembea na dereva wa lori, Mzambia. Uongo mtupu. Mume hakuniuliza hata swali moja. Alinipa talaka, na eda yangu ilipoisha akamuoa yeye.

Machozi yalinitoka. Nilidhani ameniandikia mimi. Kisha mama muuza maharage wa meza ya jirani akanionyesha simu yake: ujumbe uleule, neno kwa neno. Alikuwa ametutumia wote kwa mkupuo!

Mchana akapita mwenyewe. "Umenisamehe, dada?"

"Nikusamehe nini? Kitaje."

"Ya nini kufukua? Nimeshatubu, na Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe."

Hilo sijawahi kulitilia shaka. Lakini tulikaa darasa moja msikitini, tukafundishwa pamoja kwamba aliyemdhulumu mtu humrudishia kwanza haki yake.

"Basi nenda kamwambie mumeo kwamba ulinisingizia," nikamwambia. "Hapo nitakusamehe."

Akashusha macho, akavuta mtandio wake.

"Siwezi, dada. Na mimi ataniacha."