Nahodha wa Mashuka

Mtaani walimwita Nahodha, naye aliitika. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye meli za watalii, zile zenye maghorofa kama hospitali ya rufaa. Mtu akirudi kutoka huko na koti la buluu lenye vifungo vya shaba, nani atamuuliza alikuwa na cheo gani? Koti lenyewe aliachiwa na mhudumu mmoja aliyenenepa likambana. Cheo chake kilikuwa mfuaji. Alifua mashuka, akayapiga pasi, akayakunja, kwenye chumba kilichokuwa chini ya usawa wa maji, kisicho na dirisha hata la kupitisha kidole.

Mkewe hakujua. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna mzee wa watu tangu watoto wao watatu waliposema wamechanga ili wazazi wapumzike kidogo. Mama yao, mkunga aliyestaafu baada ya kuzalisha karibu nusu ya mji, alisema yeye anataka kitu kimoja tu: kupanda meli akayaone kwa macho yake yale aliyokuwa akiandikiwa.

Maana Nahodha aliandika, jamani, tena kila mwezi. Alianza kwa nia njema. Alikuwa amemwacha mkewe na mtoto wa miezi mitatu, na barua ya kwanza ya mke ilimwomba amsimulie anayoyaona huko. Sasa angemsimulia nini? Mvuke? Kwamba meli ikitia nanga ndipo kazi inapomzidi, kwa kuwa wageni wanashuka wote na mashuka yao yote yanateremshwa kwake? Aliona haya. Akawauliza wahudumu walioleta vitambaa vya meza vichafu: leo kuna nini huko juu? Wakamwambia kuna nyangumi. Basi akaandika kwamba amesimama ukingoni mwa meli akaona nyangumi watatu. Mwezi uliofuata akatia chumvi, akaongeza bandari yenye nyumba nyeupe zilizopanda mlima, na baada ya hapo hakuwa na njia ya kurudi nyuma.

Ofisi ya wakala wa safari ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Nahodha alipanda ngazi polepole, roho juu. Mkunga alishatangulia, daftari mkononi, maswali yameandikwa kwa namba.

"Shikamooni," binti wa wakala akawasalimu, akawavutia viti.

"Marahaba, mwanangu. Sisi hatujui kitu, utueleze kama watoto," mkunga akasema. Kisha akacheka. "Yaani mimi sijui. Huyu mwenzangu ni baharia mzima."

Binti akaeleza. Pasi za kusafiria ziwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha muda. Wafike mji wa bandari siku moja kabla, meli haimngoji mtu. Dawa na nguo za kubadilisha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu mizigo mikubwa huletwa vyumbani baadaye. Mkunga aliandika yote. Nahodha aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeyakumbuka, na hakuna hata moja alilolijua. Abiria hupandia mlango mmoja, wafuaji mwingine.

Kisha binti akawageuzia kompyuta. Mchoro wa meli ulijaa kwenye kioo, ghorofa juu ya ghorofa, vyumba vimepangwa kama vichuguu vya mchwa. Ulianzia ghorofa ya nne. Chini ya hapo palikuwa peupe tu, kana kwamba meli haina tumbo.

"Tunataka chenye baraza," mkunga akasema. "Mwonyeshe, baba watoto. Ulikuwa unasimama wapi?"

Nahodha akanyoosha kidole, akagusa mahali.

"Hapo ni ukumbi wa michezo ya watoto, mzee."

"Amekula chumvi nyingi, anasahau," mkunga akamtetea. "Haya, ile bandari ya nyumba nyeupe tunaipita siku ya tatu. Zinaonekana upande gani, kulia au kushoto? Nisije nikalipiwa baraza nikaangalia maji matupu."

Angeweza kusema kulia. Lakini aliiona safari nzima mbele yake: mkewe akimuuliza mlango wa kwenda kula, akimuuliza jina la kila kilima, naye akibabaisha siku saba. Akapiga moyo konde.

"Sijui," akasema. "Mke wangu, sikuwahi kuziona. Nilikuwa mfuaji. Nilikuwa chini, nafua mashuka."

Mkunga aliweka kalamu mezani. "Na nyangumi?"

"Niliambiwa."

"Na ile mvua iliyonyesha jua likiwaka?"

"Niliambiwa na wahudumu. Wote walikuwa wananiambia."

Binti wa wakala alijifanya anatafuta karatasi kwenye droo. Mkunga alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Barua zako nilikuwa naenda nazo wodini. Nawasomea wanawake wenye uchungu, wasahau kidogo. Mmoja amejifungua ameniganda mkono, ananiuliza wale nyangumi walielekea wapi. Nikamwambia subiri, mume wangu ataandika." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimewasomea watu maneno ya wahudumu wa meza miaka kumi na tisa."

"Nisamehe."

"Nyamaza kwanza."

Aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake, na aliogopa, maana mkewe alikuwa amefunga daftari na kulitia mkobani. Hapo alijua safari imekwisha, na labda si safari tu.

"Ulikuwa unaziandikia wapi?" mkunga akauliza.

"Chini humo humo. Naweka karatasi juu ya lundo la mashuka kabla hayajapoa."

"Na nani?"

"Peke yangu. Wenzangu walikuwa wanapanda juu wakipata nafasi. Mimi nilikuwa nabaki niandike."

Mkunga akamgeukia binti. "Chumba cha chini kabisa mnachouza ni kipi?"

"Hiki hapa, mama, ghorofa ya nne. Ila sikushauri. Hakina dirisha. Mtakaa siku saba na bahari hamtaiona mpaka mtoke."

"Tukatie tiketi ya hicho."

"Mama, fedha ya chenye baraza si ipo?"

"Ipo. Huyu alikaa humo ndani miaka kumi na tisa akiniandikia mimi, na hakuna aliyekaa naye. Kata hicho, kwa watu wawili."

Nahodha alilia mbele ya mtoto wa watu, waziwazi. Mkewe hakumtazama. Alinyoosha mkono tu upande wake, kiganja juu.

"Sijakusamehe," akasema. "Lete pasi yako."