Sauti Chini ya Saloni

Juzi nilipita mtaani kwetu, Kolwezi. Palipokuwa na nyumba yetu pana shimo, limefunikwa kwa turubai la plastiki.

Nilipokuwa mtoto, majirani walichimba kobalti ndani ya nyumba zao, hadi chini ya vitanda. Tata, baba yangu, peke yake alikataa.

"Hapa mu saloni njo tunasaliaka," alimwambia mama, akionyesha sebule yetu. "Hatutachimba, hata bote bachimbe."

Mama aliendelea kusonga bukari, ugali wa mihogo.

Jumapili moja alasiri tulipiga magoti kusali, harufu ya moshi wa makaa ikitujia kutoka uani. Ghafla nikasikia ngo, ngo, ngo, chini ya magoti yangu.

"Tata, Mungu anatujibu!" nilisema kwa furaha.

Tata, aliyezeekea mgodini, aliweka kiganja sakafuni, kisha akaniangalia. "Ndiyo, mwana. Imba." Akaanza yeye, kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Waliokuwa wakigonga ni majirani, wakifuata mawe ya kobalti hadi chini yetu. Kabla mvua hazijaisha, kuta zilipasuka, tukahama na msalaba na masufuria.

Tata alikufa katika nyumba ya kupanga. Hakuniambia kamwe kwamba aliyegonga hakuwa Mungu.