Taa Inayovuja

Watu wakiona taa zangu siku hizi, zilizotundikwa Dar, Arusha, na nyingine zilizovuka bahari, huniuliza nimesomea wapi. Nawajibu: kwenye uwanja wa baba, Ujiji, nikishika mkaa. Wanacheka wakidhani natania. Sitanii. Mimi si mtu wa utani kwenye kazi, na aliyewahi kunigusia randa yangu anajua.

Baba ni fundi wa boti za uvuvi. Boti ikikamilika, kabla haijaonja maji, husubiri jua lizame, anaweka taa ya karabai ndani, anafunika juu kwa turubai, kisha anaizunguka kwa nje polepole. Palipopenya mwanga, hapo ndipo maji yataingia. Anapiga alama kwa mkaa, na kesho yake panazibwa kwa pamba iliyolowekwa mawese. Nilipokuwa mdogo mshika mkaa nilikuwa mimi. "Boti nzuri ni giza tupu," alikuwa akiniambia.

Nilipokua nikataka kutengeneza viti. Si yale makochi ya maua yanayopangwa barabarani. Nilitaka viti vyangu mwenyewe, vya mbao za boti chakavu, zile zilizokula maji ya ziwa hadi zikawa na rangi isiyouzwa duka lolote. Baba alinipa pembe moja ya banda lake, shingo upande. Kwake yeye, anayetengeneza kitu cha kukalia anatengeneza uvivu.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa benchi la sebuleni kwa shangazi, kule Gungu. Binti yake alikuwa anaposwa. Nilipata mbao za boti kuukuu iliyotoka Kagunga, bado zina unyevu, nikaziunga kama alivyonifundisha baba, pamba na mawese, zikabana barabara. Nikasahau jambo moja, na ni mtoto wa fundi boti tu anayeweza kulisahau, maana kwetu ubao kazi yake ni kukaa majini. Ubao wa boti unabana kwa sababu umelowa. Sebuleni kwa shangazi, chini ya bati, kiangazi kikali, ukanywea.

Mshenga akaja na kanzu nyeupe, akakaa. Uzito wake ukapanua nyufa, na alipotaka kuinuka zikajifunga, zikamng'ata. Weee! Mzee wa watu aliruka na ukelele, nyuma ya kanzu ana mistari miwili ya mawese mekundu. Bibi harusi mtarajiwa alicheka mpaka akakimbilia uani. Shangazi hakucheka.

Posa ilipita, Mungu si Athumani. Mimi ndiye ambaye sikupita. Baba alipata habari kabla sijafika nyumbani.

"Kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, uwe umehama pembe hiyo," alisema. "Nitaweka mbao zangu."

"Baba, kwa kosa moja tu?"

"Fundi boti akikosea mara moja, watu wanazikwa."

Nililia, sifichi. Nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Bila banda lile sikuwa na pa kuweka hata msumeno. Ningerudi sokoni kuuza mawese na mama, na habari ya viti ingeishia hapo.

Zilikuwa zimebaki wiki chache, mama mmoja mwenye gesti mjini, mkali kama mimi, akataka taa ya kuning'inia juu ya meza yake ndefu ya chakula. Nilikubali kabla sijajua nitatengeneza nini. Jioni moja nikamkuta baba anakagua boti, karabai iko ndani. Safari hii sikumpelekea mkaa, tulikuwa hatuongei vizuri. Nikasimama mbali. Mistari ya mwanga ilikuwa imelala mchangani, mirefu, myembamba, mpaka kwenye miguu yake. Lo! Miaka yote ile niliitafuta kwa sababu ni kosa. Sikuwahi kuona kwamba ni mizuri.

Nikaenda kulichukua benchi la aibu kwa shangazi, nikalivunja. Mbao zilezile zilizonywea nikaziunga upya kuwa boti ndogo, urefu wa mikono miwili, na mbavu zake zote, nyufa nikaziacha wazi. Pamba sikutia hata uzi.

Siku ya kuitundika nilimwomba baba aje. Aliendelea kupiga randa. Lakini magharibi, nikiwa juu ya ngazi, nikamwona mlangoni na kanzu yake ya Ijumaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikawasha. Mwanga ukamwagika kila ufa, ukatapakaa ukutani, mezani, kwenye kanzu yake. Mwenye gesti akapiga kigelegele peke yake.

Baba ni kama hakumsikia. Alitia mkono mfukoni akatoa kipande cha mkaa, hata kwenye kanzu ya Ijumaa anacho, akaanza kuizunguka taa polepole. Mara mbili aliinua mkono, mara mbili akaushusha. Alipomaliza kuzunguka akaurudisha mkaa mfukoni.

"Hii ingezama kabla ya kuondoka ufukweni," alisema.

"Najua, baba."

"Usije ukaiziba."

Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya yote mawili juu ya ngazi ile ile.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, nilikwenda bandani asubuhi kufungasha vitu vyangu. Nilimkuta baba anaburuta mbao zake kwenda nje, zilezile alizosema ataziweka pembe yangu, banda zima tupu isipokuwa pembe yangu, naye ananifokea mbona nimesimama tu, nishike upande wa pili.