Mzee Aliyepumulia Watu Sitini na Watatu

Wewe, mara ya mwisho mtu aliyekuajiri alikuuliza umeamkaje, halafu akanyamaza kungoja jibu, ilikuwa lini?

Kama hukumbuki, basi huna tofauti kubwa na wafanyakazi sitini na watatu wa kiwanda kimoja cha chakula cha mifugo kilicho nje ya Nakuru, barabara ya kwenda Rongai. Wao angalau walikuwa wakiulizwa kila siku, saa mbili na robo asubuhi. Aliyewauliza ni simu. Aliyejibu, kwa niaba yao wote, ni mzee wa geti.

Mzee huyo ni Maxwel Wamalwa wa mtaa wa Rhonda. Babake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, na nyumbani kwao kuchelewa kulihesabiwa karibu sawa na wizi. Kwa miaka kumi na minne Wamalwa alifungua geti la kiwanda saa kumi na mbili na nusu kamili. Alichelewa siku moja tu, siku aliyozaliwa mjukuu wake wa kwanza, na hata siku hiyo ilikuwa dakika nne.

Mbali na geti, alikuwa na kazi ya kutunza simu. Ndani ya kiwanda vumbi la mahindi huning'inia hewani kama ukungu, na cheche moja yaweza kuondoka na paa. Kwa hiyo hakuna simu inayoingia. Kila mtu huiacha kwenye kibanda cha Wamalwa, katika rafu ya mbao yenye vishimo sitini na vitatu vilivyoandikwa namba kwa rangi nyekundu.

Ndipo meneja, Bwana Kang'ethe, akaenda semina ya siku mbili katika hoteli moja ya Naivasha, akarudi na Tulia.

Tulia ilikuwa programu ya simu. Iliwekwa katika simu ya kila mfanyakazi, na saa mbili na robo ilitetemeka, ikaonyesha sura tano, kuanzia ya kucheka hadi ya kulia, ikauliza: "Unajisikiaje leo?" Ukishachagua sura, ilikutaka uweke simu karibu na mdomo upumue nayo polepole kwa dakika mbili, ili mawazo yatulie na kazi iende mbio. Kila aliyejibu alikipatia kitengo chake pointi. Kitengo chenye pointi nyingi kilikula nyama Ijumaa. Cha mwisho kilikula githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa bila hata kitunguu.

Umeona kasoro? Saa mbili na robo watu wako ndani, simu ziko nje. Mtoto wa chekechea angeiona. Lakini watoto wa chekechea hawaendi semina za Naivasha, na watu wa magunia hawakuulizwa.

"Mzee," Awuor, mshonaji wa magunia, alimwambia Wamalwa dirishani siku ya pili, "nibonyezee hiyo kitu. Siwezi kosa nyama juu ya katuni."

"Namba yako ya siri?"

"Moja, mbili, tatu, nne."

"Awuor! Hiyo ni siri ama ni kuhesabu?"

"Mzee, bonyeza tu."

Kufikia Ijumaa, Wamalwa alikuwa na namba za siri za kiwanda kizima katika daftari la wageni.

Kubonyeza hakukuwa na shida. Shida ilikuwa pumzi. Dakika mbili kwa watu sitini na watatu ni zaidi ya saa mbili za kupumua, na malori yanapiga honi getini. Wamalwa akagundua mbinu: alipanga simu kumi mezani kwa duara, akainama katikati, akazipumulia zote pamoja. Raundi saba. Kufikia ya tano kibanda kilianza kumzunguka. Siku moja dereva wa lori la mahindi alimkuta amefumba macho, ameinamia duara la simu, anahema. Dereva akavua kofia, akangoja kwa heshima.

"Mchungaji," akasema mwishowe, "ukimaliza, uombee na gearbox yangu."

Mwanzoni Wamalwa alijibu kwa haki. Mtu akiacha simu, yeye alimtazama: alivyotembea, alivyosalimia, kama macho yamelala. Hakuna mtambo ambao ungeweza kumshinda. Siku Awuor alipoingia macho mekundu, mtoto wake akiwa amelazwa, Wamalwa alibonyeza sura ya kulia, maana ndiyo iliyokuwa kweli. Kabla ya chai Awuor aliitwa ofisini, akaambiwa data inaonyesha hayuko sawa, akaondolewa kwenye mashine na kupelekwa kufagia wiki mbili "apumzike akili". Kisha Tulia ikamtumia ushauri kwamba atembee ufukweni. Ufukweni! Kutoka hapo bahari ni mwendo wa siku nzima.

Tangu siku hiyo Wamalwa alibonyeza sura moja tu, ile ya kucheka, kwa wote.

Na hivyo kiwanda kile kikawa kiwanda chenye furaha kuliko vyote vilivyotumia Tulia. Kang'ethe alitundika cheti ofisini. Watu kumi na mmoja wakaacha kazi katika miezi mitatu, wote wakicheka, kulingana na data, na nafasi zao zikajazwa na wageni. Halafu ikaja ripoti ya Tulia: wafanyakazi wote sitini na watatu wanapumua kwa mluzi, kwa hiyo waonwe na daktari wa kifua haraka. Wamalwa aling'oka meno mawili ya mbele zamani.

Waliotengeneza Tulia nao wakashtuka. Walitaka kuiunda upya, wakamtuma Chepchumba, msichana wa mtaa wa Section 58 hapo Nakuru, aketi na watumiaji awasikilize kabla hawajabadilisha chochote. Alikuja na karatasi ndogo za njano za kubandika ukutani, akaanza na Awuor.

"Ukifungua Tulia asubuhi, kitu gani inakusumbua?"

"Sijawahi ifungua."

"Lakini umejibu siku themanini na mbili mfululizo."

Awuor akatazama dari. "Aki dada, hiyo uliza mzee wa geti. Mimi sitaki kuchoma mtu."

Kesho yake saa mbili na robo Chepchumba alisimama mlangoni mwa kibanda. Wamalwa alikuwa raundi ya tatu. Alipofumbua macho, alimwona, na pumzi ya raundi nzima ikamtoka mara moja.

"Keti, mzee. Sikuja kukushtaki."

"Kila anayekuja kushtaki huanza hivyo, mama."

Lakini alimweleza yote: nyama, pumzi, Awuor na ufagio. Chepchumba aliandika mpaka karatasi za njano zikaisha, akaendelea mkononi.

"Usiseme jina langu," Wamalwa akaomba. "Mimi ni wa miaka hamsini na saba. Nani ataniandika tena?"

"Nikificha hii, mzee, watabadilisha rangi ya sura tu, waseme wametengeneza. Na Awuor mwingine atapewa ufagio."

Wamalwa alichezea funguo. "Basi usiseme wewe," akasema. "Nitasema mwenyewe."

Alasiri hiyo, Chepchumba akiwa kando yake, alivua kofia mbele ya meza ya Kang'ethe, akasema. Meneja alisikiliza huku akitazama cheti ukutani, na uso wake ukapita sura zote tano.

"Wamalwa, wewe uliajiriwa kufungua geti! Nani alikutuma kupumulia watu?"

"Walinituma wenyewe, boss."

"Bwana Kang'ethe," Chepchumba akaingilia, "huyu ndiye mtu wa pekee hapa anayejua watu wako wanaendeleaje. Ukimfukuza, utabaki na simu."

"Kesho asubuhi uniletee yunifomu yangu," Kang'ethe akamwambia Wamalwa, kana kwamba msichana hakuwa chumbani.

Saa kumi na moja, watu walipochukua simu kwenda nyumbani, habari ilikuwa imefika kila kishimo cha rafu. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama kidogo nje ya geti, wakaongea kwa sauti ya chini, wakaondoka.

Kesho yake Wamalwa alifika saa kumi na mbili na nusu, maana mwili wake haukujua saa nyingine. Alivaa koti la kanisani. Yunifomu ilikuwa katika mfuko, imefuliwa, imepigwa pasi. Akaona mstari mrefu umetoka kwenye kibanda mpaka barabarani. Dirishani, nafasi yake, alikuwa Kang'ethe mwenyewe, akipokea simu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kishimo cha nani ni kipi. Hata yeye hakujua.

"Habari ya asubuhi?" Kang'ethe alimuuliza aliyekuwa mbele, bila kuinua macho, kama watu wote wanavyouliza.

"Mbaya," akajibu Awuor.

Kang'ethe akainua macho.

"Mtoto hakulala, na mimi sikulala. Mashine namba tatu inanirushia vumbi jichoni tangu mwaka jana, nimesema mara nne. Habari yako, boss?"

Akaacha simu, akaingia. Nyuma yake alikuwa Kiptanui wa kupakia malori, jitu la kujaza mlango. Yeye alisema mgongo, na akageuka kuuonyesha. Wa tatu alisema choo. Wa nne alisema yuko sawa kabisa, ila hampendi msimamizi wake, na akamtaja. Kila mmoja alijibu swali aliloulizwa, kwa adabu, mpaka mwisho. Ndani, mashine zilikuwa bado hazijawashwa. Malori mawili yalipiga honi. Hakuna aliyesogea haraka.

Kwenye mtu wa tisa, Kang'ethe alifuta jasho na kumwona Wamalwa.

"Unangoja nini huko?"

"Nimeleta yunifomu, boss."

"Vaa." Halafu, kwa sauti ya chini: "Huyu Kiptanui. Huo mgongo ni wa tangu lini?"

"Tangu Februari."

Kang'ethe alitazama mstari. Walibaki watu hamsini na wanne. Akageuza karatasi ya kupokelea mizigo upande wake mweupe, akatafuta kalamu mfukoni, akavuta stuli ya wageni, akaketi.

"Anayefuata," akasema.