Punje Tatu za Mikayi

Mwaka wa 1996 mvua za masika ziliwahi kufika Magunga, na kuwahi huko kulimkosesha Roselyn raha. Majirani walishukuru. Yeye alikuwa na miche mia mbili kitaluni, nyuma ya jiko lake, na hakuwa na ruhusa ya kupanda hata mmoja.

Miche yenyewe ilikuwa ya artemisia, mmea wenye majani membamba yanayofanana na ya karoti. Zahanati iliyakausha majani hayo ikawapa wagonjwa wa malaria wayanywe kama chai. Caren, muuguzi wa pale, aliwagawia wanawake kumi mbegu ndogo ajabu, ukipiga chafya umezipoteza. Ambaye angekuza majani mengi na mazuri kuliko wenzake ndiye angepewa shamba la dawa la zahanati alisimamie, na Roselyn aliitaka kazi ile kwa kufa na kupona. Mwaka uliotangulia alijaribu akashindwa mara mbili. Kwanza alitia samadi mbichi, ikachoma miche yote ndani ya siku nne. Akarudia na mbegu zilizobaki, akachelewa, nayo miche ikafika magotini tu ikatoa maua. Caren hakumumunya maneno.

"Mama, hii mmea inataka vitu viwili tu. Samadi iliyoiva na mvua ya kwanza. Ukikosa moja, usiniletee."

Samadi alikuwa ameimudu. Tangu Septemba alirundika kinyesi cha zizini pamoja na majani makavu na jivu, akapindua kila baada ya wiki tatu. Alikuwa na fimbo aliyoichomeka katikati ya lundo. Akiichomoa alikuwa akiibana kwa kiganja. Ikiwa ya moto, bado. Ikiwa baridi, tayari. Lundo la kwanza lilikuwa limeiva, jeusi, likinukia udongo. La pili, ubavuni mwake, lilikuwa bado linafuka asubuhi na kunuka mkojo wa ng'ombe.

Mvua ndiyo iliyokuwa na mwenyewe. Roselyn alikuwa mke wa pili, na katika boma la Wajaluo mke wa kwanza, mikayi, ndiye anayefungua upanzi. Hakuna anayetia mbegu ardhini kabla yake. Mdogo akimtangulia, watu husema chira itaingia bomani, ule ugonjwa wa kukonda na kukonda hadi mtu aishe. Tena kumtangulia ni sawa na kutangaza kwamba mkubwa amekwisha kufa. Na Helen, mikayi mwenyewe, alikuwa amelazwa hospitali ya Homa Bay wiki ya tano sasa, kifua kimejaa maji.

Roselyn alijibembeleza kwamba dawa si mbegu, dawa huchumwa porini. Akampelekea hoja hiyo shemeji yake Joash, aliyekuwa akisuka kamba kivulini.

"Inaingia kwa udongo?" Joash akauliza.

"Inaingia."

"Basi ni mbegu. Ngojea mwenye boma."

Mume wao, Elijah, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Osiri. Roselyn alimtumia ujumbe, jibu likarudi baada ya siku tano: fanyeni mnavyoona. Rahisi kusema hivyo ukiwa chini ya shimo!

Miche ikaanza kulalamika. Majani ya chini yakageuka manjano, mizizi ikachungulia chini ya vikopo. Kila mawingu yalipokusanyika upande wa Ruma, Roselyn aliona wiki zake zikimwagika bure. Siku ya kumi na moja wazo likamjia akipepeta mtama: heri haya yaishe, vyovyote yatakavyoisha. Ungo ukasimama mikononi mwake. Alijua alichokuwa amekitamani, na alijiogopa.

Hapo ndipo alipopata hila yake. Kama Helen hawezi kuja shambani, shamba litamwendea Helen. Aliingia jikoni kwa mikayi, ambako juu ya meko kulining'inia hindi kavu la nyamula, yale mahindi ya kienyeji ya manjano ambayo Helen alikataa katakata kuyabadili kwa mbegu nyeupe ya dukani. Akatoa punje tatu. Akajaza udongo wa shamba kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kasuku, akaongeza konzi mbili za samadi ili upate nguvu. Gari la Homa Bay lilikuwa linapiga honi senta. Fimbo hakuikumbuka.

Wodini Helen alikuwa mifupa na macho.

"Nyar Uriri," akamwita, yaani binti wa Uriri, maana Roselyn alikuwa ameolewa kutoka huko na Helen hakuwahi kumwita jina lingine. "Mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha, Mikayi."

"Mmepanda?"

"Hatujapanda. Tunakungojea."

Helen akafumba macho. "Mtu wa nyumbani akiingia hapa, naangalia vidole yake kwanza. Nikiona udongo, najua mmeshanizika."

Roselyn akaficha mikono chini ya leso. Kucha zake zilikuwa nyeusi tititi. Aliona ni afadhali atoe mkebe kuliko kungoja kuulizwa, akauweka juu ya blanketi.

"Huu ni udongo wa shamba lako. Nimekuletea upande mwenyewe."

Helen aliinua mkebe karibu na uso, akautazama muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akapokea punje. "Nyamula yangu," akasema. Akazididimiza kwa kidole, moja baada ya nyingine, akipumzika katikati.

"Nenda upande dawa yako. Lakini hizi zikiota, uniletee habari. Nitangoja."

Kesho yake miche yote mia mbili iliingia ardhini, kila shimo na konzi yake ya samadi kutoka lundo lililoiva. Mkebe aliuweka kichwani mwa shamba. Siku ya tano akaukagua. Siku ya saba akaukagua mara nne. Siku ya tisa aliuinamia, na harufu ya mkojo ikampanda puani.

Alifukua kwa kijiti. Punje zilikuwa nyeusi, laini, zimeungua. Siku ile ya haraka alikuwa amechota kwenye lundo la pili. Yeye, Roselyn, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameiunguza mbegu ya mikayi, na mikayi yuko kitandani anangoja habari.

Alikaa kwenye matope akalia. Kurudi kwenye hindi la nyamula hakuthubutu; Lynnet, binti wa Helen, alikuwa jikoni na angeuliza. Mwishowe alimwaga mkebe, akatia udongo mzuri, akachukua punje tatu nyeupe kutoka debe lake. Baada ya siku sita zilichomoza. Caren alikuwa anakwenda Homa Bay kuchukua dawa za zahanati.

"Mwambie zimeota," Roselyn akasema bila kumtazama. "Zote tatu."

Mwezi wa Mei Helen alirudi nyumbani akiegemea fimbo. Wageni wote walisimuliwa. "Niliposikia zimeota, nikamaliza kikombe ya uji," alikuwa akisema, na kuwaonyesha mahindi matatu yaliyohamishiwa ukingoni mwa shamba. Roselyn aliinama akaondoa magugu yasiyokuwepo.

Artemisia ilimfika kifuani. Mwishoni mwa Juni Caren alikuja na kamba, akapima, akapita katikati ya mistari akisugua majani na kunusa vidole, akasema hakuna wa kumfikia, kazi ni yake. Roselyn alishukuru, lakini roho haikutulia. Mtoto yeyote bomani akikohoa, alikwenda kumtazama kama anakonda. Mahindi yalipotoa ndevu aliomba mbuzi wayale. Siku moja aliacha upenyo wa ua wazi makusudi, akafika kisimani, akarudi mbio kuuziba.

Julai, Helen mwenyewe alikuja kuvunja hindi la kwanza, maana kuonja nako ni kwake. Alimenya maganda polepole. Punje zilikuwa nyeupe pepe.

Helen alipitisha kidole gumba juu ya punje, toka juu hadi chini.

"Mama, imekomaa?" Lynnet akapaza sauti kutoka nyumbani.

Helen akayarudisha maganda, akaufunika ule weupe wote. "Imekomaa! Washa moto!" Kisha, kwa sauti ya chini, "Zangu ziliungua?"

"Ziliungua, Mikayi. Samadi ilikuwa mbichi. Nisamehe."

"Nilijua. Mkebe yako ilinuka mkojo wodi mzima."

Roselyn akamkodolea macho. "Sasa mbona ulipanda?"

"Wewe ulitaka nipande. Na mimi nilitaka mtu aniambie zimeota." Helen alilivunja hindi vipande viwili, akampa kimoja. "Mwaka ujao, nyar Uriri, pima na fimbo kwanza."