Jeudi ya Udongo kwa Chilufya

Kila jeudi, yaani Alhamisi, bamama wanajaa kwenye parseli ya Chilufya, uani kwake kule Katuba, kila mmoja na kitenge chake kikuukuu, maana udongo wa kichuguu haumwonei mtu huruma. Chilufya ni mchongaji. Saikolojia aliisoma universite, kuomba alifundishwa na nyanya yake, na mpaka leo hajaona vinagombana wapi. Wanasali, wanakaa kimya, halafu kila mmoja anafinyanga kile kinachomkaa rohoni. Na vicheko sasa! Mpita njia angedhani kuna ndoa.

Ila jeudi ile vicheko viliadimika. Kanisani ilisemwa eti wanaunda fetishi, vinyago vya uchawi, na Pasta Stéphane alikuwa anakuja kujionea mwenyewe. Akikataza, bamama watabaki nyumbani, na Agnès, yule mjane aliyeanza juzi tu kupata usingizi, atarudi kukesha na mawazo. Chilufya aliogopa.

Pasta akaingia na koti lake, uso kaukunja.

"Mama Chilufya, bantu banasema huku munafanyaka mambo ya giza."

"Giza, na hii jua yote? Toa koti, Baba Pasta. Kaa, finyanga."

"Miye?"

"Sasa nani?"

Bamama wakainama wasije wakacheka. Pasta akafinya, akabomoa, akaanza upya, jasho linamtiririka. Kikatokea kijitu kifupi, masikio makubwa kama sahani, mdomo hakuna.

"Huyu ni nani?" Agnès akauliza.

"Ni miye," Pasta akasema polepole. "Bote banakuya kuniambia shida zao. Miye naambia nani?"

Agnès kicheko kikamponyoka. Pasta naye akacheka, mpaka machozi yakamtoka ya kweli.

"Utuambie siye," Agnès akasema.

Akawaambia. Mama yake, kule Sakania, ameanza kumsahau jina. Bamama walimsikiliza, hakuna aliyemkatiza.

Jua liliposhuka, Chilufya akaleta beseni. "Sasa kila muntu anaponda yake, udongo unarudia humu. Hiyo njo sheria yetu. Fetishi, muntu anaichungaka ku nyumba."

Bamama wakaponda, puu, puu. Pasta akakitazama kijitu chake. Akatoa leso, akakifunga humo taratibu.

"Hiki nitaponda jeudi inayokuja," akasema, macho chini.

"Mama yangu!" Chilufya akapiga makofi kwa furaha. "Kumbe mwenye fetishi njo Baba Pasta!"